Nani Aliyewafungulia Wazimba?

Fika jaani Mwakirunge asubuhi, kabla jua halijaanza kuchemsha harufu. Lori la taka likiingia kutoka mjini, vijana hawangoji limwage lote. Mmoja wao ana ndoana ya chuma. Anafukua, anatenga: plastiki huku, chupa kule, nyaya za shaba kwenye gunia la peke yake maana hizo ndizo pesa. Nilimwona akiokota kipande cha sahani ya zamani chenye maua ya buluu. Akakipuliza vumbi, akakigeuza upande wa pili, akakitupa. Hakina bei.

Kule Uturuki kuna kilima kiitwacho Hisarlik ambacho, ukikitazama vizuri, ni jaa tu. Miji tisa imejengwa pale kwa zamu, kila mmoja juu ya kifusi cha uliotangulia. Mjerumani Heinrich Schliemann alianza kukichimba kwa bidii mwaka 1871, akitafuta Troya ya Homer, mji uliozingirwa na Wagiriki miaka kumi kwa sababu ya Helena. Alikuwa na pupa. Akapasua mtaro katikati ya kilima, akaipita Troya aliyokuwa akiitafuta, na mwaka 1873 akaibuka na dhahabu aliyoiita hazina ya mfalme Priam. Baadaye ikajulikana kwamba dhahabu ile ilimtangulia Priam kwa miaka elfu moja na zaidi. Kijana wa Mwakirunge asingefanya kosa hilo. Yeye hutazama kwanza tabaka gani limetoka kwenye lori gani.

Vita vyenyewe vilikuwapo? Kuna tabaka la mji lililoungua yapata mwaka 1180 kabla ya Kristo, na kuna vibao vya udongo vya dola ya Wahiti vinavyoutaja mji uitwao Wilusa, ambao wataalamu wengi wanakubali ndio Ilios wa Homer. Helena hakupatikana. Wala farasi wa mbao. Tena farasi huyo, ambaye hata asiyejua lolote kuhusu Troya anamjua, hayumo katika Iliad. Utenzi ule unakwisha kwa maziko ya Hector na mji ungali umesimama. Farasi anatajwa katika Odisei, na aliyemnenepesha hasa ni Virgil, Mroma, aliyeandika karne nyingi baada ya moto kuzimika. Lakini ndiye tunayemkumbuka, kwa sababu kila mji ulioanguka watu hutaka kujua jambo moja: nani aliyefungua mlango?

Mombasa nayo ina mlango wake. Jaa la Mwakirunge lilirithi kazi ya jaa la Kibarani lilipofungwa, na Kibarani iko kando ya Makupa, pale kisiwa kinapokaribiana na bara kuliko popote. Leo kuna daraja jipya, lililofunguliwa 2022. Zamani palikuwa na kivuko tu: maji yakipwa, mtu anavuka kwa miguu. Sikio langu hulisikia neno kupwa ndani ya jina lenyewe la Makupa, ingawa hilo nawaachia wanaisimu.

Mwezi Machi 1589, ng'ambo ya kivuko hicho, upande wa bara, lilipiga kambi jeshi la Wazimba.

Habari zao tunazo hasa kutoka kwa João dos Santos, mtawa Mreno wa shirika la Wadominiko, ambaye kitabu chake kilichapishwa Ureno mwaka 1609. Anasema walitoka bonde la Zambezi, wapiganaji elfu kumi na tano, wakipanda na pwani na kula kila walichokikuta, kwa maana zote mbili za neno kula. Kilwa, asema, walikwamishwa na maji mpaka mwenyeji mmoja alipowaonyesha usiku mahali pa kuvuka, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasalimike. Watu elfu tatu wakafa. Kisha mkuu wa Wazimba akaamuru msaliti yule atoswe baharini pamoja na jamaa zake, kwa kuwa mtu aliyewauza wenziwe hafai hata kuliwa.

Kisa kizuri mno, na uzuri huo ndio unaonitia shaka. Nani alibaki hai akasimulia mkuu alisema nini? Dos Santos mwenyewe siku zile alikuwa Sofala, mbali sana na Kilwa na mbali zaidi na Mombasa. Wanahistoria wamebishana iwapo Wazimba wa Zambezi na hawa wa pwani ni watu wamoja, au ni jina la kutisha lililobandikwa makundi mbalimbali yaliyong'olewa kwao na njaa na vita. Mimi naelemea upande huo wa pili. Elfu kumi na tano wakitembea kwa miguu mwendo wote ule ni hesabu ya utenzi, si ya mpishi.

La Mombasa lina ushahidi mzito zaidi. Wenyeji walikuwa wamechoshwa na Wareno, na walikuwa na sababu. Mwaka 1587 Wareno waliuchoma mji wa Faza, kisiwani Pate, wakaua watu, wakakata minazi, na kichwa cha mtawala wake kikapelekwa Goa, makao yao makuu kule India, kuonyeshwa. Basi Mvita, yaani Mombasa, ikamkaribisha Mturuki, Amir Ali Bey, aliyekuja na merikebu chache na mizinga. Goa ikamtuma Tomé de Sousa Coutinho na vyombo kama ishirini. Wakafika mapema Machi 1589, na kukuta kisiwa kina maadui wawili: wao mbele, Wazimba nyuma.

Waturuki walikuwa wameweka merikebu zao Makupa kulinda kivuko. Hizo ndizo zilizokuwa mlango wa mji. Wareno wakaziendea, wakazitwaa. Kisha mkuu wa Wazimba akampelekea Coutinho ujumbe: wewe umemaliza yako, niruhusu nami nifanye yangu. Coutinho akaruhusu.

Wazimba wakavuka tarehe 15 Machi. Watu wa mji walikimbilia pwani, wakajitosa majini kuelekea kwenye merikebu za adui aliyewashambulia juzi, maana utumwa ulikuwa afadhali. Amir Ali Bey naye alikuwa miongoni mwao, mikuki ikimfuata. Wareno wakamwopoa, wakampeleka Goa, halafu Lisbon, ambako inasemekana alibatizwa.

Sasa tazama jinsi kisa kilivyokaa. Ukimuuliza mtu wa pwani aliyewahi kusikia habari za Wazimba, atakwambia walikuwa wala watu. Neno hilo limemeza kila kitu kingine, kama farasi alivyomeza miaka kumi ya Troya. Ruhusa ya Coutinho imeandikwa na Wareno wenyewe, bila haya wala kificho, lakini msomaji anaipita haraka kwa kuwa macho yake yanatafuta vyungu. Na kwa Mvita hatuna hata karatasi moja ya siku ile iliyoandikwa na aliyekuwa ndani ya mji.

Wazimba wakaendelea hadi Malindi, mji rafiki wa Wareno, ambako nahodha Mateus Mendes de Vasconcelos alikuwa na askari wachache mno. Waliouokoa mji ule ni Wasegeju, elfu tatu kwa hesabu ya dos Santos, waliowapiga Wazimba kwa nyuma wakati Wazimba hao walipokuwa wakipanda ukuta. Vita vikaishia hapo, ila Wasegeju hawakuishia hapo. Baadaye wao ndio waliotwaa Mombasa iliyobaki, ukoo wa kale wa Kishirazi ukaondoka, na mji ukakabidhiwa sultani wa Malindi. Mwaka 1593 Vasconcelos yuleyule akaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Watalii hupiga picha ngome hiyo. Makupa hawapigi picha, ingawa pale nako Wareno walijenga vingome vidogo, juu ya kivuko kilekile walichokiacha wazi mwaka 1589, ili watu wa bara wasije wakavuka tena bila ruhusa.