Umbo Katika Tabaka: Historia ya Modeli za Mbao Zilizolazwa

Kugawa umbo katika tabaka nyembamba za mbao, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine, ni ufundi ambao siku hizi huhusishwa na kompyuta, ingawa chimbuko lake limo katika karakana za meli za kaskazini-mashariki mwa Marekani. Huko, mwishoni mwa karne ya 18, mafundi walianza kuunda modeli ya nusu chombo kwa mbao zilizolazwa, na anayetajwa kwa desturi kuwa mwanzilishi ni Orlando Merrill wa Newburyport, Massachusetts. Mbao hizo zilishikanishwa kwa vijiti au skrubu. Fundi alizichonga kana kwamba ni gogo moja, upande mmoja tu kwa kuwa pande za meli hufanana, na aliporidhika alizitenganisha, akachora ukingo wa kila ubao, na michoro hiyo ikakuzwa hadi vipimo kamili ili mataruma, yaani mbavu za meli, yakatwe kwa kuifuata. Tabaka, basi, zilitumika kusoma umbo lililokwisha kuchongwa, wala hazikutumika kulijenga.

Mpangilio huo uligeuzwa na watengenezaji wa ramani, ambao tayari walikuwa na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mwaka 1892 J. E. Blanther alipata hataza nchini Marekani ya kuchapa kontua juu ya vibamba vya nta, kuvikata kwa kufuata mistari hiyo, kuvipanga na kulainisha kingo zake hadi sura ya nchi itokeze. Hapo mchoro ulitangulia, na umbo likafuata.

Kompyuta iliurithi mpangilio huu wa pili. Leza ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964, ilikuja kuwa kisu cha kukatia plaiwudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Helisys iliuza mashine iliyogandisha karatasi tabaka kwa tabaka na kuzikata kwa leza. Katika modeli ya mbao, programu hulikata umbo kwa nafasi zinazolingana na unene wa ubao, ikatoa mchoro wa kila tabaka pamoja na namba yake na matundu ya vijiti vya kuzilinganisha wakati wa kutia gundi. Ubao mwembamba hupunguza ngazi zinazoonekana kwenye kingo, lakini huongeza vipande: modeli ya kimo cha milimita 120 huhitaji tabaka 30 za milimita 4, au 40 za milimita 3.

Hata hivyo, hesabu hiyo hutegemea mbao halisi, kwani plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 4 ikiwa na 3.8, tabaka 30 hupungukiwa milimita 6 na umbo lote hubonyea. Kwa sababu hiyo fundi hupima ubao kwanza, kisha ndipo huiamuru programu ikate.