Nani Huhesabiwa Kuwa Fundi wa Bia?

Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye chungu cha ajono. Bibi yangu, huko Teso mashariki mwa Uganda, huchachua unga wa ulezi, huukaanga, kisha huuchanganya na kimea. Wanywaji hukizunguka chungu kwa mirija mirefu, naye huongeza maji moto. Lakini hapa Kampala watu wakisifu "bia ya ufundi", hawamaanishi ya bibi. Basi ni nini hukifanya kiwanda cha bia kihesabiwe kuwa cha ufundi?

Nilianza na historia ya Marekani, ambako jina hilo lilipata nguvu. Pombe ilipigwa marufuku huko kuanzia 1920 hadi 1933. Baadaye kampuni kubwa zikameza ndogo, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 vikabaki viwanda visivyofika 100. Wachache walikwenda kinyume. Mwaka 1965 Fritz Maytag alikiokoa kiwanda cha Anchor, San Francisco, kilichokuwa karibu kufungwa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha New Albion huko Sonoma kwa vifaa alivyojiundia mwenyewe. Mwaka 1978 Rais Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kutengeneza bia nyumbani.

Jina lilipoanza kuleta soko, mipaka ikahitajika. Chama cha Brewers Association kiliweka masharti matatu: kiwanda kiwe kidogo, kiwe huru, na kifuate desturi. Udogo ulikuwa mapipa yasiyozidi milioni 2 kwa mwaka. Boston Beer, watengenezaji wa Samuel Adams, walipokikaribia kikomo hicho, kikapandishwa hadi milioni 6. Mwaka 2014 sharti la desturi lililegezwa, na Yuengling, kampuni ya tangu 1829 inayotumia mahindi, ikakubaliwa. Mwaka 2018 sharti hilo likaondolewa kabisa.

Uhuru ndio uliobaki imara: kampuni ya pombe isiyo ya ufundi isimiliki asilimia 25 au zaidi. Goose Island ya Chicago iliponunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011, ilipoteza jina hilo, hata kama bia ingebaki ile ile.

Hoja yangu ni kwamba fasili hii inamwangalia mwenye kiwanda kuliko bia yenyewe. Wengine wataiita hila ya biashara. Mimi naona ina maana, kwani mwenye mali ndiye anayeamua kitakachopikwa na faida itakakokwenda. Kwa kipimo hicho bibi ni mdogo, ni huru, na anafuata hata desturi iliyofutwa. Angekwama kwenye jambo moja tu: chama kinadai pia leseni ya kutengeneza bia, naye hana.

Kwa hiyo, sisi tunaosoma historia tuwe waangalifu. Tukiandika juu ya ufundi wa bia kwa kufuata orodha za wenye leseni peke yake, tutawaacha nje wanawake waliotusomesha.