TEMBEA NA NESI, SEHEMU YA 6: Kaole mpaka Bagamoyo, na mzigo wa Mnyamwezi

Wapendwa, kaeni mkao wa kula, maana leo kuna kula kweli.

Nilitoka zamu za usiku nikapata mapumziko ya siku mbili. Rafiki yangu wa wodini akaniambia, "Twende kwetu Mlingotini." Ni kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kina mama wanalima mwani. Asubuhi mama yake alitupa chai ya tangawizi, vitumbua na muhogo wa nazi. Nikamwamkia, akaniuliza natokea wapi. Nikasema Tabora. Jamani, mama alicheka! "Kumbe Mnyamwezi! Basi ukishiba zibebe zile ndoo mbili, si ndiyo kazi yenu?" Yeye Mzaramo, mtani wangu, sina pa kushtaki. Nikabeba.

Ule utani ukaniandama siku nzima.

Tukachukua bodaboda mpaka Kaole. Pale kuna magofu ya mawe ya matumbawe: msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Kwenye nguzo kuna mashimo yaliyokuwa yameshika bakuli za kaure kutoka China. Mbele ni mikoko tu sasa, lakini zamani vyombo vya baharini vilitia nanga. Nikafikiria chakula cha asubuhi. Mchele wa vitumbua na nazi asili yake Asia. Muhogo umetoka Amerika, ukaletwa na Wareno. Yaani sahani moja ya Mlingotini imekusanya dunia nzima, na kila kitu kuna mtu alikibeba.

Kutoka Kaole tukatembea kwa miguu, kama kilomita 5. Nina begi dogo mgongoni, maji na kanga tu. Kufika katikati mgongo ukaanza kulalamika. Manesi wenzangu mnaujua mgongo huu, wa kugeuza wagonjwa usiku kucha. Ndipo nikawaza wale wa karne ya 19. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, kichwani au begani, kati ya Bagamoyo na Tabora, mwendo wa miezi, wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Kwenda bara walibeba vitambaa, shanga na waya. Kuja pwani, pembe za ndovu.

Hapa tuelewane. Njia hiyohiyo walipitishwa watumwa, na hilo halifutiki. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru anayefanya kazi ya kulipwa. Alipatana ujira, na akiona anaonewa aliweza kutua mzigo akagoma au akatoroka. Njiani alipewa posho, mara nyingi kitambaa cha kubadilishana na chakula vijijini. Ndiyo posho hiyohiyo! Neno tunaloligombania kwenye semina lilitembea na misafara. Na utani wetu na watu wa pwani, wazee wanasema ulikolea kwenye misafara hiyohiyo: mnakaa pamoja wiki kadhaa mkisubiri safari, mnakula, mnazikana. Kwa hiyo mama wa Mlingotini hakunitukana. Alikuwa ananikumbusha.

Mchana tukafika soko la samaki Bagamoyo. Njaa ilikuwa imetushika kwelikweli. Changu wa kukaanga ametoka kwenye mafuta sasa hivi, ngisi, wali wa nazi, kachumbari na pilipili. Tumekula kwa mikono mpaka tukakosa maneno.

Jioni tukazunguka Mji Mkongwe, tukapita Caravan Serai, ambako misafara ilikuwa inafikia. Na hapo likaja jina nililokuwa nalitaja kila siku bila kulijua. Waliopita Muhimbili wanajua jengo la Sewahaji. "Mpeleke Sewahaji," nimesema mara ngapi? Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kiismailia mwenye asili ya India, hapahapa Bagamoyo. Aliiuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Alitoa nyumba iwe shule ya watoto wa rangi zote, na alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki 1897. Hospitali ile ilibeba jina lake, na mwaka 1956 ilipojengwa hospitali mpya ambayo leo ni Muhimbili, jina lake likahamia huko.

Simlaumu. Wangapi wana mali na hawajengi hata choo cha shule? Lakini fedha ile ilipita kwenye mabega ya watu. Jengo limeandikwa jina la aliyetoa. Aliyebeba hajaandikwa popote, isipokuwa kwenye utani wa mama mmoja akiniagiza ndoo.

Tangu nirudi, nikisema "mpeleke Sewahaji" namkumbuka tajiri, halafu namkumbuka babu yangu yeyote aliyetua mzigo pale pwani, akala samaki, akapumua, akajitwisha tena kurudi Tabora. Na yule kijana anayesukuma machela wodini, sasa naanza kwa kumuuliza jina.

Haya, niambieni kwenye maoni: wodi yako au shule yako imepewa jina la nani? Na nani aliyebeba matofali? Waulizeni wazee kabla hawajaondoka.

Sehemu ya 7 inakuja, nikimaliza zamu.