Kitasa smati kwa keja yako? Cheki hizi vitu kabla utoe doo

Umechoka kutembea na rundo la funguo kama keteka wa ploti? Poa, kitasa smati kitakusort. Lakini kabla uagize mtandaoni, chukua rula uende kwa mlango wako kwanza.

Vingi vinataka mlango wenye unene wa milimita 35 hivi kwenda juu. Ile milango ya keja zetu, bati moja la chuma na komeo, haina mahali pa kukikalisha. Hapo ni fundi akuchomelee boksi, ama ununue kufuli la alama ya kidole la kuning'inia. Kuna pia vile vya Marekani vinavyofungwa upande wa ndani pekee. Kwa video vinakaa fiti, manze, lakini vinataka kitasa cha aina ya dedibolti, na huku milango mingi ya mbao ina kitasa cha kuchimbiwa. Utabaki na boksi kali na mlango ule ule.

Stima ikipotea usipanic. Vinatumia betri, mara nyingi nne za AA, na vinalia mapema zikianza kuisha. Cha WiFi hula betri haraka kuliko cha Bluetooth. Nunua chenye tundu la ufunguo wa kawaida au mahali pa kuchomeka pawabenki kwa nje. Na huo ufunguo usiufungie ndani ya nyumba, tafadhali.

Kama ni keja ya Airbnb, tafuta kinachotoa namba ya siri ya muda, inayokufa mgeni akitoka. Ile ya kiwandani, 123456 na wenzake, badilisha siku ya kwanza.

Sasa wewe mpangaji, skiza. Uliza ni nani ako na akaunti kuu. Landlodi akiishika peke yake anaona saa unayoingia na saa unayotoka, na ukichelewesha kodi anaeza futa namba yako akiwa kwake kwa sofa. Zamani angalau alikuja na kufuli lake, majirani wakasikia kelele. Kwa hivyo iandikwe kwa mkataba: nani anaona hizo rekodi, na namba yako haifutwi ukiwa bado unaishi hapo. Akitaka alama ya kidole, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu kama data nyeti. Muulize inahifadhiwa wapi na itafutwa lini ukihama. Akianza kuzunguka, mwambie unataka namba tu.

Na kama umekinunua mwenyewe, ongea na landlodi kabla fundi atoboe mlango. Kile kitasa cha zamani kiweke chini ya kitanda na skrubu zake zote. Siku ya kuhama utakirudisha, ama depo yako iliwe.