Kisiwa cha Bwama na Historia ya Kuwatenga Wenye Ukoma

Mwaka 1931, hospitali ya wenye ukoma katika Kisiwa cha Robben, karibu na Cape Town, ilifungwa baada ya miaka 85, na mwaka huohuo Kisiwa cha Bwama, katika Ziwa Bunyonyi kusini-magharibi mwa Uganda, kikaanza kupokea wagonjwa wa maradhi hayohayo. Visiwa hivi viwili havikufanana kwa jambo moja kubwa: Robben, tangu mwaka 1892, wagonjwa walipelekwa kwa nguvu ya sheria, ilhali Bwama, palipoongozwa na tabibu wa kimisionari kutoka Uingereza, Leonard Sharp, aliyekuwa amefika Kabale mwaka 1921 pamoja na mwenzake Algernon Stanley Smith, wengi walivuka ziwa kwa hiari yao.

Hiari hiyo inahitaji kupimwa. Kisiwani palikuwa na mashamba, nyumba, kanisa, shule na hospitali, na mtu aliyekosa hayo kwao kwa sababu ya mikono yake iliyoharibiwa na ukoma aliyapata pale kwa sharti la kuishi mbali na wazima. Ni kweli pia kwamba namna wagonjwa walivyotendewa vijijini haikuwa moja, kwa kuwa wapo waliotengewa vyombo na vibanda na wapo walioendelea kuishi na jamaa zao; lakini wamisionari, waliokuwa wamezisoma hukumu za Kitabu cha Walawi na waliohitaji michango ya wafadhili wa Uingereza, waliikuza zaidi picha ya mgonjwa aliyefukuzwa na wote.

Ukoma husababishwa na bakteria aliyetambuliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa Bergen nchini Norwei. Huambukiza kwa shida, kwani walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake, ila usipotibiwa huharibu mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka hisia za joto na maumivu kwenye ubongo, hata mgonjwa akashika sufuria ya moto au akakanyaga mwiba asijue. Vidole haviliwi na ugonjwa kama ilivyodhaniwa kwa karne nyingi. Hupotea hasa kwa majeraha ambayo, kwa kuwa hayaumi, hayatunzwi. Hapo ndipo ulipo upotofu mkubwa wa historia hii, kwa sababu mara nyingi mtu mwenye vidole vilivyokatika alikuwa hana tena vijidudu vya kumwambukiza yeyote, na mwenye ngozi iliyoonekana njema aliweza kuwa navyo tele. Hofu ya maambukizi ilitajwa kuwa sababu, lakini kilichotengwa kwa kweli ni ulemavu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukionekana.

Tiba ya kwanza, sindano za mafuta ya chaulmoogra yaliyokamuliwa kutoka mbegu za mti wa Asia, iliuma sana na kufaa kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 vilienea vidonge vya dapsoni, ambavyo mtu aliweza kuvimeza akiwa kwake, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba mseto, yaani matumizi ya dawa kadhaa kwa pamoja ili bakteria wasipate usugu. Makazi ya Bwama yalipungukiwa na kazi, na majengo yake hatimaye yakageuzwa shule.

Dawa, hata hivyo, huua vijidudu na haiwezi kurudisha kidole. Aliyepona alirejea na cheti cha daktari kilichosema jambo moja na mikono iliyosomwa na majirani kwa namna nyingine, na hata mabunge yalichelewa kuliko maabara: nchini India, ukoma uliendelea kuwa sababu halali ya kumpa mwenzi talaka hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2019.