Makazi ya gharama nafuu Bariadi

Makazi ya gharama nafuu Bariadi ni suala la upatikanaji wa nyumba bora kwa wakazi wa kipato cha chini katika makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, Tanzania, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 mkoani; ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Hadhi ya makao makuu ilileta watumishi, na watumishi wakahitaji nyumba za kupanga.

Hata hivyo, kiini cha tatizo si uchache wa nyumba pekee. Wenyeji wengi hujijengea wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa fedha za pamba na mifugo zinazopatikana kwa msimu. Mkopo wa benki, kinyume chake, hudai marejesho ya kila mwezi na hati ya kiwanja. Wapo wanaoona Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, ndilo jibu. Hoja hiyo inawafaa wenye mishahara zaidi kuliko wakulima. Kwa wakulima, kiwanja kilichopimwa mapema, chenye barabara na maji, kina uzito zaidi kuliko nyumba iliyokamilika. Kwa wasio na kiwanja kama hicho, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu leseni ya makazi kwa maeneo yasiyopimwa.