Uvuvi wa Kisiwa cha Mvita katika Historia

Historia ya Mombasa husimuliwa aghalabu kwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwa biashara ya majahazi. Mvuvi, aliyewalisha askari na wafanyabiashara, hutajwa kwa uchache. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uvuvi ulikuwa nguzo ya uchumi wa kisiwa hiki, na kwamba thamani yake haipimwi kwa uzito wa samaki peke yake.

Uvuvi wa pwani yetu ni wa kale. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja vyombo vilivyoshonwa, mitumbwi, na mitego ya kusukwa iliyowekwa penye mkondo wa maji. Ajuaye dema hatashindwa kuona ujamaa uliopo.

Kazi ya mvuvi wa Mji wa Kale imefuata pepo na maji. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, vyombo vikavuka mwamba kutafuta nguru na jodari. Kusi ikivuma, mwenye mtumbwi au ngalawa hubaki ndani ya mwamba akivua tafi, changu na pono. Majira hayo yalihesabiwa kwa mwaka wa Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nayo bamvua na maji mafu yaliamua siku ya kutega. Barafu haikuwapo, hivyo samaki aliuzwa siku ile ile, au alikaushwa akawa ng'onda.

Mageuzi yalikuja na reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, na magati ya Kilindini yaliyofunguliwa mwaka 1926. Meli kubwa zikahamia upande wa magharibi, Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi na wavuvi. Kazi ya ujira ikapatikana gatini, nayo haikungojea upepo.

Leo samaki wengi wa Kenya hutoka katika maziwa, hasa Ziwa Viktoria, na fungu la bahari ni dogo. Jodari wa kilindini huvuliwa zaidi na meli kubwa za kigeni, maana chombo cha mvuvi mdogo hakifiki huko. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu Mombasa.

Lakini takwimu hazihesabu maarifa. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitegemea sana Kimvita katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Msamiati wa nyavu, pepo na samaki huishi maadamu kazi yenyewe yaishi. Kijana asiyetega dema hana haja ya majina ya sehemu zake. Hivyo basi, yafaa wanalugha waandamane na wavuvi na kuyaandika maneno hayo kazini, kabla hayajawa ya vitabuni tu.